Juzuu ya Thelathini

Tunaanza kwa jina la Mola aliyeuumba moyo laini ili uweze kuumia, akaumba na ulimi ili moyo ukiumia uwe na wa kumwita. Sala na amani zimshukie Mtume wake, aliyemlilia mwanawe mbele za watu wala asione haya. Tunaomba kalamu hii isipinde pale itakapolazimika kusema kweli juu ya mtu tunayemhurumia.

Watu wa habari hii ni wanne, na wa kwanza wao ni marehemu. Kwa kuwa ametangulia, tumtangulize. Naye ni Kombo bin Faki, fundi wa pampu za Mji wa Chini, aliyekufa katika Mwaka wa Maji, pale bahari ilipopanda juu ya kuta na isishuke tena. Wa pili ni mjane wake, Bi Mize binti Hamad, mwalimu wa chuo, aliyewasomesha msahafu watoto wasiopungua mia tatu, na katika hao hakuna hata mmoja aliyelisahau jicho lake. Wa tatu ni Shaame bin Hamad, nduguye Bi Mize, baba mmoja mama mmoja, mdogo wake kwa miaka sita, mpunguzaji wa dawa katika Nyumba ya Utulivu ya Mji wa Juu. Wa nne ni Daktari Salha, msimamizi wa nyumba hiyo, mdogo kwa umri na mkubwa kwa cheo.

Habari yenyewe ni ya Shaame, kwa kuwa kosa ni lake.

*

Asubuhi ya juzuu ya ishirini na nane ya khitma ya Kombo Shaame alipiga hodi mlangoni kwa dadake, akaitikiwa kutoka jikoni. Alimkuta Bi Mize amesimama juu ya kigoda, mkono mmoja umeshika kabati, wa pili unapapasa juu yake kutafuta kopo la sukari.

"Dada, shuka nikutolee."

"Kaa kitako. Nyumba yangu hii, na kopo langu."

Alipogeuza macho kumtazama ndipo ile radi ya kichwani ilipompiga. Shaame aliiona ikipita: kope zilipepesa, shingo ikakakamaa, magoti yakalegea kwa wakati wa pumzi moja. Alimdaka kiunoni kopo likiwa linaanguka. Sukari ikamwagika juu ya kilemba cha Shaame, naye Bi Mize, akiwa bado mikononi mwa nduguye, akacheka.

"Umekuwa kaimati," alisema.

"Mara ngapi leo?"

"Tangu alfajiri? Nimeacha kuhesabu. Nikigeuza macho tu, radi. Inaanzia hapa kisogoni inakwenda mpaka kwenye vidole vya miguu. Nimesali nimefumba macho, nikaogopa nisije nikasujudu nisiinuke." Alijifuta uso kwa upande wa kanga. Uso ule ulikuwa umekonda, na midomo imekauka kwa kutapika. "Usinitazame hivyo. Ndiye yeye."

"Nani?"

"Kombo, nani mwingine? Miaka mitatu nimemtilia komeo, sasa anaupiga mlango mateke. Unamjua alivyokuwa akichelewa kufunguliwa."

Shaame aliinama kuokota kopo. Akasema, akiwa ameinama hivyo, uso wake hauonekani: "Ni msiba huo, dada. Ulichelewa, sasa unakuja wote kwa pamoja."

Hiyo ilikuwa mara ya nne kusema maneno hayo. Mara ya kwanza aliyaamini. Mara ya pili aliyaamini nusu. Tangu juzuu ya ishirini na tano alikuwa akijua kwamba si kweli, na alikuwa akiyasema.

Ni lazima hapa tueleze kile kiitwacho Punje. Katika Mwaka wa Maji, Mji wa Juu ulipokuwa mahema tu yaliyojaa watu wasioweza kuinuka, kila aliyefiwa aliruhusiwa kutiwa chini ya ngozi ya mkono kidude mfano wa chembe ya mchele, kinachodondosha dawa ya huzuni tone kwa tone. Kidude hicho husikiliza amri ya mizani, chombo cha ukubwa wa msahafu mdogo, nayo mizani hushikwa na mpunguzaji. Hatusemi kwamba Punje ni kitu kiovu. Wapo watu wengi waliokula chakula na kulea watoto wao kwa sababu yake, na mji huu ulijengwa na mikono iliyotulizwa nayo.

Lakini Bi Mize hakuiomba. Siku ya tatu ya tanga aliketi ameegemea nguzo ya hema, hajala, hajalia, na Shaame akamchutamia akamwuliza, "Dada, nikutie?" Akajibu, "Fanya upendavyo." Aliyejibu alikuwa mtu asiyekuwamo machoni mwake mwenyewe, naye Shaame akalichukua jibu lile kuwa ni ridhaa, kwa sababu alikuwa akiogopa. Bi Mize akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi, ametulia kama mtu anayengoja maji yachemke. Wageni waliokuja kumpa mkono wa pole aliwakaribisha halua, akawauliza habari za mbuzi wao.

Ulipopita mwaka wa tatu alimwendea Shaame akamwambia, "Nimemzika mume wangu kwa moyo wa mtu mwingine. Nirudishie wangu." Wakaenda kwa sheikh. Sheikh akasema kwamba eda ni siku, na siku zimekwisha. Machozi si sharti lake. "Hilo nimelisomesha kabla hujaota ndevu," Bi Mize alimjibu. "Mimi sisemi juu ya sheria. Nasema juu ya Kombo."

Basi akapanga mwenyewe. Atamkhitimia mumewe, juzuu moja kila baada ya siku nne, na kila amalizapo juzuu, Shaame apunguze fungu moja katika mafungu thelathini ya dawa. Msahafu utakapofika mwisho, dawa nayo imekwisha. Zikiongezwa siku kumi za dua, hesabu itakuwa ileile ya eda, miezi minne na siku kumi, safari hii kwa moyo wake. Ulikuwa mpango mzuri kuutazama. Shaame alizijua kanuni za Nyumba ya Utulivu, zinazotaka mwaka mmoja na nusu, na zinazokataza mafungu sawasawa. Alikuwa akizitilia sahihi kila wiki kwa ajili ya watu wengine. Akajiambia kwamba kanuni zile ziliwekewa watu wasiosoma. Tena aliona kana kwamba kosa lake la siku ile ya tanga litafutwa kwa mkono uleule uliolitenda, na kwa haraka.

Asubuhi hiyo Bi Mize alisoma juzuu ya ishirini na nane, kidole kikifuata mstari, akisita kila radi ilipompiga na kurudia aya tangu mwanzo wake. Alipofunga msahafu akanyoosha mkono. Shaame akaitazama mizani. Yalikuwa yamebaki mafungu matatu. Alijua zile radi zatoka wapi. Hata hivyo kidole chake kilikwenda, yakabaki mawili.

*

Daktari Salha alikuwa akimngoja, mlango wa chumba chake uko wazi.

"Mzee Shaame, karibu. Funga mlango, tafadhali."

Ukutani mwa chumba kile palikuwa na mistari ya watu wote wanaopunguziwa, kila mmoja na mstari wake wa nuru, na yote ilikuwa na umbo moja: ikiteremka kwa haraka hapo juu, kisha pole, kisha pole zaidi, hata chini kabisa ikawa kama imelala. Katikati ya hiyo ulipita mstari mmoja ulionyooka kama rula kutoka juu mpaka chini.

"Huu ni wa nani?" aliuliza daktari, ingawa jina lilikuwa limeandikwa.

"Wa dadangu."

"Nilidhani chombo kimeharibika. Nimekipima mara mbili." Hakupaza sauti, na Shaame alitamani angepaza. "Mzee wangu, wewe ndiye uliyenifundisha hili nilipofika hapa. Nikumbushe."

Shaame akasimama kama mwanafunzi. "Dawa hushika milango midogo ndani ya ubongo," alisema. "Ikiwa nyingi, milango yote imekwisha kushikwa, na ukipunguza fungu moja mwili hauoni. Ikiwa kidogo, kila tone lina mlango wake. Na mwili uliozoea kupewa huwa umeacha kujitengenezea. Hauanzi tena ila taratibu."

"Basi kutoka thelathini kwenda ishirini na tisa umemwondolea nini?"

"Moja ya thelathini."

"Na leo asubuhi?"

"Moja ya tatu."

"Na juzuu ijayo?"

"Nusu."

"Na ya mwisho?"

"Yote," alisema Shaame. Juzuu ya mwisho ndiyo nyepesi kuliko zote. Ndiyo wanayoanzia watoto, hata wapishi huisoma huku wakikoroga sufuria. Mkono wake, uliogawa juzuu katika khitma zisizo na idadi, ulikuwa umezoea kumpa juzuu hiyo mgonjwa au mzee, ili asichoke.

"Anapigwa na radi kichwani?" daktari aliuliza. "Anatapika? Ndoto? Anaanguka?"

"Leo nimemdaka."

"Hizo ni alama za dawa kuondoka, si za huzuni. Huzuni haimwangushi mtu kwa kugeuza macho. Umemwambia?"

"Nimemwambia ni msiba."

Daktari Salha aliketi. Akasema kwa upole uliomchoma Shaame kuliko tusi, "Machozi yake siyaogopi, mzee wangu. Naogopa ngazi, na jiko, na hilo fungu la mwisho lenyewe, maana wengine hupatwa na kifafa. Arudishwe kwenye mafungu kumi leo. Baada ya siku tatu au nne atatulia. Kisha tuteremke kama watu. Lakini hakuna dawa inayotiwa katika mwili wa mtu asiyejua. Ukamwambie kwanza."

"Nikimwambia nitamnyang'anya mumewe mara ya pili."

"Kwa nini?"

"Anadhani radi zile ni yeye."

Daktari akaugeukia ukuta, asimwone mzee akijifuta macho.

*

Njia ya kwenda kwa Bi Mize hupita nyuma ya msikiti, na hapo kwenye baraza Shaame aliketi baada ya sala ya alasiri, mizani imo mapajani mwake. Nyumba ya dadake ilikuwa ikionekana. Mizani ile iliweza kuiamrisha Punje kutoka hapo alipo; haikuhitaji hodi. Angepandisha mafungu manane, akaenda zake nyumbani. Radi zingenyamaza, mwili ungetulia, dada angepona. Naye angesema, kwa furaha kabisa, kwamba Kombo ameridhika, amekwenda kupumzika. Nani angedhurika? Watu wangemsifu Mola, na Shaame angekuwa miongoni mwao.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kilichokizuia si uchaji. Tusimpe sifa asiyostahiki. Alikumbuka sauti ikisema fanya upendavyo. Alikwisha kumponya dadake mara moja bila ya dadake kuwapo.

Akainuka akaenda.

Bi Mize alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa juu ya mkeka, mgongo umeegemea ukuta, macho yameelekezwa mahali pamoja ili radi isimpige. Shaame alisema yote, pamoja na siku ya tanga.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu juzuu ya ishirini na tano."

"Na juzi ukaniambia msiba."

"Nikakwambia."

"Na leo asubuhi, baada ya kunidaka, ukaniambia tena. Ukapunguza."

"Nikapunguza."

"Ebo, Shaame! Ulipokuwa na miaka saba ulivunja mtungi wa mama ukamsingizia paka. Nilidhani umeacha. Kwa hiyo nilikuwa nalilia tone."

"Sijui, dada. Baadhi ni dawa. Baadhi..."

"Baadhi ngapi? Si wewe mtu wa mizani? Pima basi. Nitengee: huku Kombo, huku dawa, kila mmoja na sahani yake."

"Hakupimiki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Wallahi, ningekupimia."

Akafunika uso kwa kanga. Akiwa humo ndani akasema, "Usipandishe. Sikia, mimi nimeshamwona. Uwongo, kweli, nimeshamwona. Ukipandisha ataondoka, nami nitarudi kuwapa watu halua."

Shaame akaiweka mizani juu ya mapaja ya dadake. Ilikuwa haijapata kushikwa na mtu asiyekuwa mpunguzaji. "Itakaa kwako," alisema. "Sitaigusa mpaka uniambie."

"Na nikisema nimalize? Juzuu mbili hizo, na liwe liwalo?"

"Nitakukataza kwa mdomo, na mkono wangu sitautumia. Nitaleta mkeka wangu nilale hapo ukumbini, nikudake utakapoanguka."

"Na ukinikosa?"

Akainamisha kichwa, na chembe za sukari za asubuhi zikadondoka kutoka katika kilemba chake zikaanguka juu ya mkeka. Bi Mize aliziona. Hakucheka.

Akasema, kwa ile sauti yake ya chuoni, "Nieleze tena huo mteremko wa daktari wako. Polepole. Mimi si mtu wa milango ya ubongo."

Shaame akachora kwa kidole juu ya mkeka. Hapa unaondoa kikubwa. Hapa kidogo kuliko hicho. Hapa kidogo zaidi. Mwisho unaondoa kitu kisichoonekana, nawe unakaa na hicho kwa siku nyingi kuliko vyote.

Bi Mize alikitazama kile kidole. Radi ikampiga, akafumba macho, akangoja ipite, akayafumbua.

"Wewe ni hafidhi?" aliuliza.

"Unajua kwamba ni hafidhi. Wewe ndiye uliyenihifadhisha."

"Basi nilipoteza wakati wangu. Hii si juzuu ya thelathini hii? Sura ya kwanza ndefu, ya pili nayo ndefu, kisha zinafupika, zinafupika, huko mwisho ni aya nne, aya tano, aya sita, mtoto anazimaliza kwa pumzi moja. Hazishuki sawasawa, ipo inayojitutumua kidogo njiani, lakini mwendo ni huo." Akahesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji. "Sura thelathini na saba. Kila sura wiki mbili. Mwaka mmoja na miezi mitano. Umeniacha niigawe juzuu kwa juzuu, mpumbavu wee, na nafasi ya kugawa sura kwa sura ilikuwamo humo humo."

Miaka yote ile Shaame alikuwa ameibeba juzuu hiyo kifuani.

"Khitma itasimama kwenye ishirini na nane," aliendelea Bi Mize. "Ya ishirini na tisa nitaisoma wakati mwili wangu unapumzika. Ya thelathini tutaisoma pamoja. Kila sura utakuja hapa, utasoma mbele yangu kama ulivyokuwa ukisoma na meno hayajaota, na ukikosea utarudia. Na kitufe nitakibonyeza mimi. Kombo angoje, mara ngapi nimemngoja mimi na chakula kikapoa?"

Akaiinua mizani, akaisogeza karibu na macho. "Kumi ni wapi?"

Akamwonyesha. Kidole cha Bi Mize kilichokunjika kwa baridi yabisi kilipanda fungu kwa fungu, na kila fungu alilitaja kwa sauti, mpaka kumi.

"Dada," Shaame alisema, "umenisamehe?"

"Nani amekwambia? Njoo Jumamosi."

*

Jumamosi alikwenda miguu ikiwa mizito. Kizito kilikuwa kitu kimoja tu: kwamba atamkuta ametulia. Mola atuepushe na hali ya kuogopa afya ya umpendaye.

Bi Mize alikuwa jikoni, amesimama imara juu ya sakafu, kopo la sukari li mikononi mwake. Rangi ya uso ilikuwa imerudi. Alimgeukia kwa haraka, macho kulia, macho kushoto, makusudi, kama anayejaribu mlango.

"Unaona? Hakuna radi. Tangu jana adhuhuri. Nimegeuza macho nyumba nzima, hayupo."

"Nisamehe, dada."

"Ngoja, usinikatize. Kopo hili hukaa wapi?"

"Juu ya kabati."

"Kwa nini?"

Shaame alifikiri. "Sijui. Siku zote liko huko."

"Kombo alikuwa na kisukari. Alikuwa akingoja nitoke kwenda chuoni, anachota vijiko, anakunywa chai tamu kama shira, nikirudi anajifanya mtakatifu. Nikawa namficha sukari huko juu, maana goti lake lilikuwa bovu, hapandi kigoda." Aliligeuza kopo mikononi. "Leo asubuhi nimepanda kulitoa, mwili mzima, kichwa kimetulia, nikajiuliza: wewe mwanamke, unamficha nani? Miaka mitatu, Shaame. Katika mahema juu ya masanduku, nilipohamia humu juu ya kabati, siku zile za halua na mbuzi. Kila asubuhi nimepanda kigoda kumficha sukari."

Machozi yalikuwa yakimtoka. Hakutetemeka, hakushika ukuta. Yalishuka yenyewe, naye aliyaacha.

"Haya si yako," alimwambia nduguye. "Haya hukunipa, wala hukuninyima."

"Ndiyo, dada."

"Rudisha palepale."

Shaame, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, alipanda kigoda akalirudisha kopo juu ya kabati, nyuma kabisa, pasipofikiwa na mtu mwenye goti bovu. Aliposhuka, dadake alikuwa amekwisha kuketi juu ya mkeka, mizani ubavuni, jicho lake la chuoni limemkazia. Akatawadha, akaketi mbele yake, akaanza sura ya kwanza ya juzuu ya thelathini. Katika aya ya tano alikosea, akarudishwa.

Ewe Mola, mrehemu Kombo bin Faki na wote waliolala chini ya maji ya Mji wa Chini. Walikuwa wakikuabudu na wakipenda vitamu. Na waliobaki, wape mikono isiyo na haraka juu ya miili ya wenzao. Wape ulimi wa kukiri kabla kidole hakijatenda. Na yule aliyekosa kwa kupenda, umwache asikie uzito wa kosa lake kwa kadiri ya kumfunza, kisha umpunguzie, kidogo, na tena kidogo zaidi, mpaka aweze kusimama. Amina.